Mkono Uliouchanja Mkate

Kama unataka tuelewane, usinidanganye kitu kidogo. Uongo mkubwa watu huuandaa, huupiga pasi, huutafutia mashahidi. Ule mdogo huutoa hivyo hivyo ulivyo, na huo ndio ninaoushika. Kazi yangu ni kukagua madai ya bima. Mtu akisema duka lake limeungua, mimi ndiye ninayetumwa kwenda kuchokonoa majivu na kumuuliza maswali yale yale kwa mpangilio tofauti mpaka jasho limtoke. Nimeifanya miaka tisa, na marafiki zangu wameshasahau jina nililopewa na wazazi. Wananiita Mkaguzi.

Jumamosi ile, lakini, sikwenda kwa Nesi kukagua. Nilikwenda kula, kunywa bia, na kumpa mwanamume jibu.

Mwanamume mwenyewe ni fundi mikate, tunamwita Mwokaji. Miaka miwili alikuwa akitaka kunioa, na miaka miwili baba yangu alikuwa akisema hapana. Baba naye ni mwokaji, tena ndiye aliyemfundisha. Alikuwa na tanuri nyuma ya nyumba yetu, akiuzia mtaa mzima mikate ya kopo, na huyu ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Kisha kiwanda kikamwita, kile cha mikate inayokatwa na mashine, akaenda. Walitukanana mlangoni, baba akamwambia asikanyage tena pale. Miezi mitatu baadaye baba akapata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea, tanuri likazimwa. Hiyo ni miaka minne sasa. Mimi nilikuwa naishi mji mwingine, na niliporudi nikampenda mtu kabla sijaambiwa kwamba ndiye huyo anayetukanwa nyumbani kila siku.

"Aliniacha na moto unawaka," baba alikuwa akisema kila nikiligusa jambo hilo. "Mtu wa namna hiyo atakuacha na wewe."

Wiki moja kabla, Mwokaji alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu, akanishika vidole viwili tu, kama anayeogopa kuomba mkono mzima. "Jumamosi nataka jibu," akasema. "Sikulazimishi. Ila nijue. Baba akubali asikubali, unanitaka?"

Nilimwambia nitamjibu. Wiki nzima nilitembea na ile ndiyo yangu moyoni, nikicheka peke yangu ofisini mpaka bosi akauliza kama naumwa.

Nesi anaishi ghorofa ya nne. Ni rafiki yangu tangu shule, anafanya kazi kwenye zahanati ya mtaa wa kwetu, na ndiye anayempima baba presha kila Jumanne. Kila Jumamosi mchana tunakutana kwake watu wanne, tunatengeneza sandwichi za kushibisha, zile ambazo ukishika kwa mkono mmoja zinakushinda, na tunateremshia bia baridi. Kila mtu ana kazi yake. Nesi ni nyama, mimi ni nyanya na matango ya siki, Domo ni vitunguu na kufungua chupa. Domo ni rafiki wa Mwokaji tangu utotoni, fundi wa lifti, na jina lake linajieleza. Mwokaji kazi yake ni mkate.

Huo mkate wa Mwokaji ni wa duara, mkubwa, wenye ganda gumu. Kabla hajauingiza kwenye moto anauchanja juu kwa wembe, michanjo minne, mitatu mirefu na wa nne mfupi. Jumamosi ya kwanza kabisa alinishika kidole akakipitisha juu ya ile michanjo. "Kila mwokaji ana mkono wake," akaniambia. "Ukiuona huu mahali popote, ujue nimepita." Maneno hayo niliyaweka, kwa sababu wakati ule nilikuwa naweka kila alichosema.

Lakini jiko lake la nyumbani lilikuwa limeharibika wiki mbili, waya wa ndani umeungua, na Jumamosi iliyopita tulikula mkate wa mashine. Nyama ilikuwa inatuponyoka kila upande. Kwa hiyo Nesi alituambia mapema: leo mkate ni juu yangu.

Nilipofika juu nikihema, Domo alikuwa anamenya vitunguu, machozi yanamtiririka, chupa ya bia ameibana katikati ya magoti.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Njoo uone mwanamume anavyoteswa."

"Lifti yenu mbovu," nikamwambia. "Na fundi lifti yuko juu anamenya vitunguu."

"Leo ni mapumziko. Na lifti nayo ina haki ya kupumzika."

Nesi alinikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa na mafuta ya nyama. "Osha mikono, mama. Nyanya zinakusubiri."

Nilifunua kitambaa kilichokuwa juu ya ubao nikitafuta kisu. Chini yake kulikuwa na mkate. Wa duara, ganda limeiva rangi ya kahawa. Na juu yake michanjo minne, mitatu mirefu, wa nne mfupi.

Nilitabasamu. Nakumbuka vizuri kwamba nilitabasamu kwanza. "Ameshafika?"

"Nani?" Nesi akauliza.

"Mwokaji."

"Bado. Si alikuwa zamu ya usiku? Alisema atalala kidogo aje saa saba."

"Na huu mkate?"

Nesi hakugeuka. Alikuwa anainyunyizia nyama pilipili manga, na aliendelea kuinyunyizia kuliko nyama ile ilivyohitaji. "Nimenunua."

"Wapi?"

"Dukani. Pale kona."

Hapo ndipo tabasamu liliponikauka. Niliweka kiganja juu ya mkate. Nje ulikuwa umepoa, lakini nilipoubonyeza chini, katikati, kulikuwa na uvuguvugu. Mkate wa duka la kona huletwa alfajiri, na mpaka saa sita mchana umeshapoa zamani. Nikajifanya napita kuchukua bakuli, nikagusa mlango wa jiko la Nesi. Ulikuwa wa moto.

"Walikufungia kwenye nini?" nikauliza.

"Nini?"

"Mkate."

"Mfuko wa karatasi. Kwani vipi?"

"Hamna. Nilitaka mfuko wa kutilia maganda."

"Nimeutupa, dada. Tumia bakuli."

Nilikata nyanya ya kwanza, nikakipeleka kikonyo chake kwenye pipa la taka. Mwanamke mzima, mwenye mshahara na heshima zake, nikapekua taka za rafiki yangu kwa ncha ya kisu. Maganda ya vitunguu, pakiti ya maziwa, kifuniko cha chupa ya haradali. Mfuko wa karatasi haukuwepo.

Nilirudi kwenye ubao. Kichwani nilishaanza kuandika ripoti. Jiko lake bovu, jiko la Nesi zima. Yeye ametoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, anasema amekwenda kulala. Mkate umeokwa asubuhi hii, kwa mkono ninaoujua. Na rafiki yangu, ambaye nimelala naye kitanda kimoja bwenini miaka minne, amenidanganya mara mbili ndani ya dakika tano.

"Shemeji, hizo nyanya zimekukosea nini?" Domo akauliza. Nilitazama chini. Nilikuwa nimezikata vipande vinene kama matofali.

Mwokaji aligonga saa saba kasoro. Nywele zilikuwa bado na maji, macho mekundu ya mtu asiyelala vya kutosha, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na yale makovu yake madogo ya moto yakionekana wazi. Ana desturi moja ambayo ndiyo iliyoniangusha tangu mwanzo: akiingia mahali hunitafuta mimi kwanza kwa macho, hata kama mwenye nyumba yuko mbele yake amenyoosha mkono. Hata siku ile alinitafuta. Akanipata, akatabasamu, na moyo wangu mjinga ukamtabasamia.

Kisha akauona mkate.

Alisimama kama aliyeitwa kwa nyuma. Akasogea taratibu mpaka kwenye ubao, akaweka kidole gumba juu ya ule mchanjo mfupi, akaupitia mwanzo mpaka mwisho. Akainua macho, hakuniangalia mimi. Alimwangalia Nesi. Na Nesi akatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi bila mikono.

Mwokaji akaugeuza mkate, michanjo ikatazama ukutani.

"Umelala?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Ulitoka kazini moja kwa moja nyumbani?"

"Niende wapi tena na uchovu ule?" Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kuazima. "Nipe kisu, mpenzi. Nikate."

Alikata mkate kama anayekata keki ya harusi ya mtu mwingine, kwa adabu, vipande vinene. Kwa kawaida hapo hapo ndipo anapotusumbua: tazameni matundu haya, sikieni ganda hili. Siku ile kimya. Nesi akapanga nyama, tabaka juu ya tabaka, na jibini likaanza kuyeyuka kwa joto la nyama. Domo akarundika vitunguu. Mimi nikapaka haradali, na kila nikipaka nilikuwa nawachungulia.

"Shemeji," Nesi akamwambia Mwokaji, "njoo unisaidie kreti la bia, liko kibarazani."

Kreti la bia! Mwanamke huyu anageuza wagonjwa wa kilo tisini kitandani peke yake, leo anasaidiwa kreti. Walitoka. Dirisha la jikoni linafungukia kibarazani, na mimi sikujisumbua kujifanya sisikilizi. Domo alinitazama, akanitazama tena, akaamua kunywa.

"Usimwambie bado," sauti ya Nesi ilisema. "Nakuomba. Kula kwanza."

"Siwezi kukaa kimya, Nesi. Atanisoma usoni."

"Dakika kumi tu. Niliahidi."

Niliwaza: kwa hiyo kuna kitu cha kuniambia, na kimepangiwa saa. Nishibe kwanza, nilewe kidogo, kisha niambiwe kwa upole na watu wawili ninaowapenda kuliko wote. Nilimwona Nesi akimshika bega, na nikaona, kwa macho yangu haya, Mwokaji akifuta jicho kwa nyuma ya mkono.

Tulikaa mezani. Sandwichi nne, kubwa, zimekatwa katikati, mchuzi wa nyama unachuruzika kwenye sahani. Chupa zilikuwa zinatoa jasho. Chakula kilikuwa kizuri kweli, naapa, na sikukigusa.

Domo akainua chupa. "Afya zetu. Na afya ya lifti."

Hakuna aliyecheka. Mwokaji aliishika sandwichi kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni, akaishusha. Akaisogeza tena. Nesi hakuwa amegusa ya kwake. Alikuwa amemkodolea macho Mwokaji, viganja vimebana ukingo wa meza, simu yake iko karibu na sahani, akimngojea atafune. Ninaujua mtazamo ule. Ni wangu. Ndivyo mimi ninavyomtazama kila nikimpikia.

"Kula basi, shemeji," akamhimiza, karibu kwa kunong'ona.

"Ndiyo, kula," nikasema. "Kula, mwenzako amechoka kungoja."

Wote watatu wakanigeukia.

"Una nini?" Mwokaji akauliza.

Nilinyanyuka, nikakileta kile kipande cha mkate kilichobaki, nikakibwaga katikati ya meza, michanjo juu. "Huu mkono wa nani?"

"Mkaguzi, tafadhali..." Nesi alianza.

"Sikukuuliza wewe. Wewe umeununua duka la kona, kwenye mfuko wa karatasi ambao haupo hata kwenye taka. Nimeshaangalia." Nikamgeukia Mwokaji. "Wewe ndiye nakuuliza. Mkono wa nani?"

Alinitazama. "Unadhani wa nani?"

"Wako. Uliniambia mwenyewe, nikiuona nijue umepita. Basi umepita hapa. Jiko lako bovu, la kwake zima, na bado lina moto. Umetoka kazini ukaja hapa, si nyumbani. Asubuhi yote mlikuwa humu ndani, na mkate mmeuoka katikati ya mambo yenu mengine."

"Shemeji, shemeji," Domo akasema, akiinua mikono, "tunywe maji kwanza."

"Jiko nimepashia nyama!" Nesi alikuwa amesimama, sauti imepanda. "Wewe mwanamke una wazimu? Mimi? Mimi na huyu?"

"Nilikusikia kibarazani. Usimwambie bado. Kula kwanza. Ulitaka aniambie nikishashiba?"

Nesi alifungua mdomo, akamtazama Mwokaji kama anayeomba ruhusa, na ruhusa ile ndiyo iliyonimaliza. Watu wasio na kitu hawaombani ruhusa.

Mwokaji hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliiweka sandwichi kwenye sahani, akapangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Leo ulikuwa na jibu la kunipa," akasema. "Lilikuwa nini?"

"Lilikuwa ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa nimefumbuka macho. Baba yangu alisema wewe ni mtu wa kuondoka. Nilibishana naye miaka miwili, kumbe mzee alikuwa anakujua."

Nilitaka limuume, na lilimuuma. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyepigwa na mtu asiyemtarajia. Akatikisa kichwa taratibu, akasimama, akachukua koti lake nyuma ya kiti.

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaniona," akasema. "Miaka yote miwili ulikuwa unangoja ushahidi."

Akatoka. Hakubamiza mlango. Domo alinitazama kwa mara ya kwanza bila mzaha wowote, akachukua chupa mbili mezani, akamfuata mbio.

Tulibaki wawili. Nesi aliketi, akafunika uso kwa viganja. Nilitegemea alie, au anipige. Aliposhusha mikono macho yalikuwa makavu, na yamejaa hasira.

"Huo mkono," akasema, "ni wa baba yako."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Nesi. Baba hajawasha tanuri miaka minne."

"Ameliwasha leo. Saa tisa alfajiri, kwa mkono mmoja. Saa tatu na nusu alinipigia nikamfuate mkate, bado unanichoma mikononi nikaubeba kwenye kitambaa. Jumanne nilipokuwa nampima presha aliniuliza, yule kijana bado anamngoja binti yangu? Nikamwambia bado. Akauliza, hata baada ya miaka miwili hii? Nikamwambia, hata baada ya miaka miwili hii. Akangoja nimalize kufunga mashine. Kisha akasema, Jumamosi nitaoka mkate wa mafundi."

"Mkate gani?"

"Hata huujui. Na wewe ni mtoto wa nyumba ile." Alisema bila huruma, na nilistahili. "Si mkate wa kuuza. Alikuwa akiwaokea mafundi wake tu, saa ya mapumziko, wanaula humo humo kwenye chumba cha tanuri. Ukiacha kazi, hupewi tena. Baba yako hajui kumwomba mtu msamaha kwa mdomo, unamjua kuliko mimi. Akaniambia, mpelekee, usimwambie mtu yeyote, hata binti yangu. Akiujua na akiula, nitajua amerudi kwangu. Asipoujua, basi mwache, nilimfundisha bure. Nikamwahidi. Ndiyo maana nikakudanganya. Sijui kudanganya, si kazi yangu. Wewe ndiye mwenye kazi ya kuona uongo."

Nilikitazama kile kipande cha mkate. Nyumbani kwetu watoto hatukuruhusiwa kuingia chumba cha tanuri saa za kazi. Mikate ya kopo niliijua, ile haichanjwi. Huu wa duara sikuwahi kuuona mpaka nilipomjua Mwokaji, na yeye aliponiambia ni mkono wake hakusema aliupata kwa nani, kwa sababu wakati ule ukimtaja baba mbele yangu nilikuwa nalia. Mwanafunzi alikuwa ameushika mkono wa mwalimu wake mpaka kwenye ule mchanjo mfupi. Aliujua mara moja, kwa kidole gumba. Mimi, binti, nikauona nikasema ni uzinzi.

Nilisikia aibu mwili mzima, mpaka kwenye nyayo.

"Nesi," nikasema.

"Usiniombe radhi sasa hivi. Nitakujibu vibaya."

Simu yake ikalia mezani. Tulisoma sote wawili: Mzee wa Presha. Nesi hakuigusa. Akaisukuma kwa kidole mpaka mbele yangu, akakunja mikono kifuani.

Niliipokea.

"Nesi, mwanangu," sauti ya baba ilisema kabla sijatoa neno. Ilikuwa nyembamba, ina pumzi pumzi. "Amekula?"

"Shikamoo, baba. Ni mimi."

"Marahaba." Nikamsikia akivuta kiti. "Basi umeshajua. Haya. Amekula?"

Ningeweza kumdanganya. Uongo mdogo tu, wa kumpoza mzee. "Bado, baba. Aliujua. Alipouona tu aliujua, akataka kulia. Lakini hajaula. Nimemfukuza."

"Umemfukuza."

"Nilidhani ni mkono wake. Nilidhani ameuokea hapa, kwa Nesi. Nilimtukana mbele ya watu. Nikamwambia wewe ulikuwa unamjua."

Nilingoja anifokee. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake saa ya ukutani ya nyumbani kwetu.

"Ameondoka sasa hivi?" akauliza.

"Dakika chache."

"Mimi nilimfukuza mtu yule nikakaa kwenye kiti hiki kungoja arudi mwenyewe," baba akasema. "Miaka minne. Kila mbwa akibweka nainua kichwa. Unanisikia? Vaa viatu."

Sikuvaa. Vilikuwa mlangoni, nikavipita. Nilichukua sandwichi yake kwenye kitambaa, simu ya Nesi nimeibana begani baba akiwa bado ndani yake, nikashuka ngazi za ghorofa nne peku, na kila ghorofa nilikuwa naomba lile domo la Domo lifanye kazi leo kuliko siku zote.

Lilifanya. Mwokaji alikuwa ameketi kwenye ngazi za mwisho, chini kabisa, koti mapajani. Domo amesimama mbele yake ameziba mlango, chupa mkono huu na huu, anamweleza habari ndefu ya lifti iliyokwama na bibi harusi ndani. Aliponiona alinyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia kabla wala baada. Akaweka chupa zote mbili chini, akapanda juu akinipita bila kuniangalia.

Mwokaji hakugeuka.

Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga kwenye ngazi. Yote yalipotea. Nilipita mbele yake, nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, nikamwekea kitambaa mapajani, nikakifungua.

"Baba anauliza kama umekula."

Aliitazama ile sandwichi. Mikono yake ilikaa tuli, nikadhani ndiyo basi. Kisha akaiinua, akang'ata. Alitafuna taratibu, macho amefumba, na machozi yakamtoka yakapita kwenye mashavu yanayotafuna, wala hakuyafuta. Akang'ata tena. Alikula yote. Nyanya zangu za matofali zilikuwa zinamtoka pembeni, akazirudisha kwa kidole. Alikula mpaka ganda la mwisho, na muda wote huo hakunitazama hata mara moja. Nilipiga magoti pale, nyayo zimejaa vumbi la ghorofa nne, nikamwangalia mtu ninayempenda akipokea kitu kutoka kwa baba yangu ambacho mimi nusura nikitupe kwenye taka.

Alinyoosha kiganja. Nikampa simu.

"Mzee," akasema. Akakohoa. "Shikamoo, Mzee. Ni mimi... Ndiyo. Ndiyo, nimeula." Akasikiliza. "Hapana, wote." Akasikiliza tena, muda mrefu, akitikisa kichwa kana kwamba baba anamwona. Kisha akasema, "Ila, Mzee, chumvi imezidi."

Hata kutoka pale nilipokuwa, nikasikia sauti ya baba imepanda kama ya zamani. "Imezidi wapi, wewe! Ulimi wako umeharibiwa na mikate ya mashine! Njoo kesho nikuoneshe chumvi!" Kisha akacheka. Sijamsikia baba akicheka hivyo tangu mkono wake uanguke. Mwokaji naye alikuwa anacheka na kulia.

"Nitakuja, Mzee. Kesho asubuhi. Nitakuja kukanda mimi."

Akakata simu, akanirudishia. Hapo ndipo aliponitazama. Nilimsogelea nikiwa na moyo mkononi, nikajua sasa ndiyo saa yenyewe, nikafungua mdomo niseme ile ndiyo yangu ya wiki nzima.

Akainua kiganja kunizuia, si kwa ukali.

"Yeye nimemsamehe," akasema. "Wewe bado."

Alisogea kidogo kwenye ngazi, nafasi ya mtu mmoja ikabaki kando yake. Sikujua kama ni ya kwangu. Sikumuuliza. Nikakaa ngazi ya chini yake, nikangoja.